Je, Wajua? Safari Rally nusura izunguke Ziwa Victoria

Eric Cecil wa Nairobi alipomshawishi binamu yake, Neil Vincent, ashindane kwenye njia ya mbio ya Langa Langa, Vincent alikataa: kuzungukazunguka pale pale kunachosha. Likazuka wazo la kuzunguka Ziwa Victoria kwa gari. Hofu ya mvua ikalizima. Aliyeona udongo mweusi wa mbuga za Usukuma, kusini mwa ziwa, ukiganda tairini hadi gurudumu likagoma, hashangai. Mbio za kwanza za Safari Rally, za 1953, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, bila duara la ziwa.

Magari ya zamani yaliyofufuliwa nayo yana mbio zake, Safari Classic, tangu 2003. Mswidi Björn Waldegård alishinda Safari ya 1977 kwa Ford Escort. Miaka 30 baadaye akashinda Classic. Kwa Escort tena!