Uhasibu au Aktuaria? Pima Haya Kabla ya Kuchagua Kozi

Kila mwaka matokeo ya KCSE yakishatangazwa na KUCCPS kufungua tovuti yake, watahiniwa wengi waliofanya vyema katika hesabu hufika njia panda: je, wasomee uhasibu au aktuaria? Wazazi wengi huziona kozi hizi kuwa kitu kimoja kwa sababu zote zinahusu fedha. Kwa kweli ni kazi mbili tofauti, na gharama ya kuzifikia ni tofauti. Anayekosea mara nyingi hugundua miaka minne baadaye, karo ikiwa imeshalipwa.

Kazi yenyewe ni ipi?

Mhasibu hushughulika na fedha zilizoingia na zilizotoka. Hutunza vitabu, huandaa taarifa za fedha, hukokotoa ushuru na hukagua hesabu. Anahitajika katika hospitali, shule, vyama vya ushirika, biashara na idara za kaunti.

Mtaalamu wa aktuaria hushughulika na yajayo. Chukua mfano wa mpango wa pensheni ulioahidi kumlipa mstaafu kiasi maalum hadi mwisho wa maisha yake. Ni lazima mtu akadirie wanachama wataishi miaka mingapi, mishahara itapanda kiasi gani na akiba iliyopo itazaa faida gani. Nchini Kenya, mipango ya aina hiyo hutathminiwa na mtaalamu wa aktuaria angalau mara moja kila baada ya miaka 3. Kampuni za bima pia humtegemea katika kupanga malipo ya wateja.

Shahada pekee haitoshi

Hili ndilo jambo ambalo familia nyingi hazielezwi mapema. Katika fani zote mbili, shahada ni hatua tu. Kinachompa mtu hadhi ya utaalamu ni mitihani ya taaluma, nayo ina ada zake nje ya karo ya chuo.

Kwa uhasibu, mitihani hiyo ni ya CPA, inayosimamiwa na KASNEB hapa nchini. Akihitimu, mtu hujisajili na ICPAK chini ya Sheria ya Wahasibu ya mwaka 2008. Mwanafunzi mwenye wastani wa C+ anaweza kuanza CPA moja kwa moja baada ya kidato cha nne, bila kupitia chuo kikuu. Aliye chini ya hapo anaweza kuanza na diploma ya KASNEB kisha apande ngazi. Aliyesomea shahada ya biashara katika uhasibu anaweza kuomba kusamehewa baadhi ya karatasi za CPA. Kwa hivyo, mlango wa uhasibu una njia nyingi za kuingilia.

Aktuaria ina njia nyembamba zaidi. Wengi huanza na shahada, ambayo hufundishwa katika vyuo kama Nairobi, JKUAT, Maseno na Strathmore. Masomo yake ni hisabati ya kina, takwimu, uwezekano na matumizi ya kompyuta. Baada ya hapo hufuata mitihani ya vyama vya kigeni, hasa cha Uingereza au cha Marekani. Ada hulipwa kwa fedha za kigeni, na mitihani yenyewe huchukua miaka kadhaa, mara nyingi mtu akiwa tayari kazini. Waajiri wakuu ni kampuni za bima, mipango ya pensheni na kampuni za ushauri, na nyingi kati ya hizo ziko Nairobi.

Maswali ya kujiuliza

1. Je, ninaipenda hesabu kwa dhati, au niliipita tu? Anayechoshwa na hesabu atataabika katika aktuaria kuanzia mwaka wa kwanza.

2. Nani atalipia mitihani ya taaluma? Mkopo wa HELB wa shahada usichukuliwe kuwa utagharamia kila kitu.

3. Masomo ya chuo hiki yatanisamehe karatasi zipi? Uliza idara husika kabla ya kuthibitisha kozi.

4. Ningependa kufanyia kazi wapi? Anayetaka kubaki karibu na nyumbani ana nafasi zaidi katika uhasibu.

Unapojaza maombi, linganisha pointi zako za klasta, ambazo ukomo wake ni 48, na pointi za mwisho zilizokubaliwa mwaka uliotangulia. Tazama pia alama ya hesabu inayodaiwa na kila chuo, kwani wastani mzuri hauwezi kuziba pengo hilo. Wasiokuwa na intaneti nyumbani wanaweza kuuliza kuhusu HELB katika kituo cha Huduma kilicho karibu.

Mzazi, keti na mwanao mpige hesabu ya safari nzima, kuanzia mwaka wa kwanza hadi mtihani wa mwisho wa taaluma. Kozi inayofaa ni ile ambayo mwanao ataimudu na ambayo familia itaweza kuigharamia hadi mwisho.