Ukoka Wako Unakauka? Tazama Chini Kwanza

Mvua kubwa ikinyesha, tazama chini ya ukuta wa nyumba yako. Maji ya bati yanachimba udongo kidogo kidogo. Mwisho msingi unabaki wazi na ukuta unapata ufa.

Ukoka ni kinga nzuri. Mizizi yake hushika udongo. Wengi huchimba mapande ya ukoka pamoja na udongo wake, wakayapanga chini kama matofali.

Katika kijiji kimoja wazazi walifanya hivyo kuzunguka darasa. Kina mama walibeba maji kichwani, ndoo kwa ndoo. Baada ya wiki 2 majani yakawa manjano. Wengine wakasema, "Ardhi hii haifai, tung'oe." Tulifunua pande moja. Juu palikuwa pamelowa. Chini palikuwa pakavu kabisa, tena pagumu kama sakafu.

Kwa nini? Pande likichimbwa, mizizi mingi hukatika. Mpaka liote mizizi mipya, haliwezi kunywa maji yaliyo mbali chini. Basi kabla ya kung'oa, chunguza hivi:

1. Vuta pande taratibu. Likiinuka kama mkeka, bado halijashika. Usilikate majani, wala usiruhusu mbuzi na watoto kulikanyaga.

2. Funua pembe, uguse udongo wa chini. Kama ni mkavu, maji yako hayafiki. Mwagilia asubuhi, polepole, mpaka udongo wa chini ulowe. Kama ni matope yenye harufu mbaya, maji yamezidi. Pumzisha, na uyatolee maji njia.

3. Kama chini ni pagumu, inua pande. Lima kina cha sentimeta 10 hivi, changanya samadi iliyooza vizuri, kisha rudisha na ulishindilie kwa miguu. Samadi mbichi huunguza mizizi.

4. Kama kingo tu ndizo kavu, jaza udongo katika nafasi kati ya mapande.

5. Kama ni chini ya mwembe, usipoteze maji yako. Ukoka hupenda jua.

Je, umekufa kweli? Kwangua shina linalotambaa. Likiwa bichi ndani, lina uhai. Litachipua.

Wazazi wale walilima upya, wakarudisha mapande yaliyokuwa na uhai. Yalishika. Lakini kazi ilifanywa mara mbili, na maji yalibebwa mara mbili. Wewe lainisha udongo kwanza, na upande mvua zinapoanza, ili mbingu ikusaidie kubeba ndoo.

Angalizo: usipande ukoka karibu na shamba. Ukiingia kwenye mahindi, kuutoa ni taabu.

Maswali ya kuzungumza na wenzako:
Kwa nini juu palilowa na chini pakawa pakavu?
Je, msingi wa nyumba yako una kinga gani?