Vijeba, na Wale Wanaobaki Benchi

Msimu wa michezo ya shule hauishi bila kusikika ile sauti: “Refa, namba nne ana ndevu!” Wazazi wa upande wa pili huinuka, mwalimu hukimbilia meza ya kamati na faili la vyeti kwapani, mechi husimama. Kazi yangu ni kupima na kufuatilia ukuaji wa vijana wanaocheza, na hasira ile naielewa. Mtoto wa miaka 13 akigongana na kijana wa 17 aliyeandikwa kuwa wa 13, hapotezi mechi tu. Anaweza kupoteza goti.

Hata hivyo, kadiri ninavyozunguka viwanjani ndivyo ninavyoona kwamba kelele za vijeba, yaani wachezaji waliozidi umri, zimefunika dhuluma nyingine, kubwa kuliko hiyo, inayotendeka bila cheti hata kimoja kughushiwa.

Tuanze na vijeba wenyewe. Sisi Watanzania tunaujua uchungu wake. Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, walifuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 za mwaka 2005 nchini Gambia, wakaondolewa kwa suala la umri, na Zimbabwe ikaenda badala yetu. Fainali hizo zilipofanyika Dar es Salaam mwaka 2019, Guinea ilicheza hadi mechi ya mwisho, kisha ikapokonywa tiketi ya Kombe la Dunia kwa sababu tarehe za kuzaliwa za wachezaji wake wawili hazikulingana na zile walizoandikishwa kwenye mashindano ya awali nchini Japani. Senegal ikafaidika. Januari 2023, wachezaji 21 kati ya 30 wa kikosi cha Kameruni cha chini ya miaka 17 walikwama kwenye kipimo cha mkono.

Kipimo chenyewe ni hiki. Kwenye kigasha cha mkono, mfupa ulio upande wa dole gumba una tabaka jembamba la gegedu karibu na kifundo. Hapo ndipo mfupa unaporefukia. Mtoto akikua, gegedu hilo hugeuka mfupa kidogokidogo mpaka pande mbili zinashikana kabisa. Watafiti wa FIFA waliwapima vijana wa mataifa kadhaa wakaona kwamba, kabla ya miaka 17, karibu hakuna mvulana ambaye mfupa huo umeshafunga. Kuanzia Kombe la Dunia la vijana la 2009 nchini Nigeria, picha ya mfupa huo ikaanza kutumika kupima umri. Wanatumia mashine ya MRI badala ya eksirei kwa kuwa MRI haimpitishii mtoto mionzi.

Lakini kipimo hicho hujibu swali moja tu. Mfupa ukiwa umefunga, kuna kila sababu ya kuamini kwamba kijana amevuka 17. Usipokuwa umefunga, hakuna kilichothibitishwa, kwani wapo wa 18 ambao gegedu lao bado liko wazi. Picha haiwezi kukwambia kama mtoto ana miaka 12 au 14. Kwa wasichana nako haiwezi kusomwa vilevile, kwa kuwa mifupa yao hufunga mapema. Kwa hiyo anayetaka MRI ipelekwe UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, anataka kupima maziwa kwa futi.

Tegemeo letu ni cheti cha kuzaliwa, ambacho kwa miaka mingi watoto wengi hawakuwa nacho. Mwaka 2013 RITA, wakala wa serikali wa usajili, walianza mkoani Mbeya kusajili watoto wa chini ya miaka mitano kwa kutumia simu, kisha wakaendelea na mikoa mingine. Watoto waliosajiliwa kwa njia hiyo ndio wanaofika sasa kwenye timu za shule. Cheti kilichoandikwa kabla mtoto hajajua kupiga mpira kina uzito kuliko kilichochukuliwa wiki moja kabla ya mashindano. Kamati zianzie hapo, kwenye tarehe ya usajili.

Na tusiwachanganye watu. Kijana wa miaka 16 aliyeko darasa la saba kwa sababu alichunga ng'ombe mpaka miaka tisa si mwongo. Ni mwanafunzi halali mwenye haki ya kucheza, ila si na watoto wa miaka 12. Mamluki, yule asiyesoma kabisa, ni jambo jingine, na mkosaji pale ni mtu mzima aliyemtoa mtaani akamvisha jezi. Ajabu ni kwamba anayefungiwa na kuzomewa huwa kijana.

Sasa tuchukulie kwamba vyeti vyote ni vya kweli. Miaka michache iliyopita niliwapanga ukutani wavulana 24 wa timu moja ya chini ya miaka 13. Vyeti vyao nilivikagua kimoja kimoja. Nikachora alama ya chaki juu ya kila kichwa. Mrefu kuliko wote alikuwa na sentimita 168, sauti imeshakuwa nzito. Mfupi kuliko wote alikuwa na 139. Walipishana miezi mitano kuzaliwa. Kocha alihitaji 18 wa kwenda wilayani, akawachukua. Sita waliobaki walikuwa ndio sita wafupi.

Kocha yule hakumwonea mtu kwa makusudi. Alitaka kushinda Jumamosi. Mvulana hurefuka kwa kasi kubwa zaidi akiwa na miaka kama 14, lakini wengine huanza mapema na wengine huchelewa, kiasi kwamba wawili wa darasa moja miili yao inaweza kupishana hata miaka minne. Juu ya hapo kuna tarehe. Umri ukihesabiwa kuanzia Januari mosi, aliyezaliwa Januari amemtangulia wa Desemba karibu mwaka mzima, na kwa mtoto wa miaka kumi hiyo ni sehemu ya kumi ya maisha yake. Mwaka 1985 watafiti nchini Kanada walionyesha kwamba wachezaji wa magongo ya barafu waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka walikuwa wengi mno kuliko wa miezi ya mwisho. Mambo hayo yameonekana kwenye soka pia. Anayechaguliwa anapata mechi, kocha mzuri na viatu. Miaka miwili baadaye anakuwa bora kwelikweli, na watu wanasema ana kipaji cha kuzaliwa nacho.

Aliyetangulia kukua naye anadhulumiwa. Amezoea kushinda kwa bega, na wenzake wakimfikia kimo anajikuta hajui kumpita mtu kwa mguu.

Nchini Uingereza, klabu za Ligi Kuu zimejaribu kuwapanga watoto kwa hatua ya ukuaji: hukadiria urefu atakaoufikia mtoto utu uzimani, kisha huwachezesha pamoja waliofikia, tuseme, asilimia 85 hadi 90 ya urefu huo. Wakubwa walilazimika kutumia akili, wadogo wakapata nafasi ya kuongoza mchezo. Ubelgiji iliunda vikosi vya pili vya taifa vya vijana kwa ajili ya wanaochelewa kukua. Norwe hairuhusu kutangaza matokeo wala misimamo ya ligi kwa watoto wadogo.

Shule ya kata haina maabara, lakini ina ukuta na chaki. Mwalimu akiwapima watoto kila baada ya miezi mitatu atajua nani ameanza kurefuka ghafla, ampunguzie kuruka na mbio ndefu kabla magoti hayajaanza kuuma, na nani bado zamu yake. Timu mbili badala ya moja, na sheria kwamba kila aliyesafiri acheze angalau nusu mechi, hazihitaji bajeti. Zinahitaji afisa michezo wa wilaya aache kumpima mwalimu kwa idadi ya makombe.

Nilirudi kwenye ukuta ule baada ya mwaka na nusu. Watano kati ya wale sita nilielezwa kuwa wameacha mpira. Yule wa 139 alikuwa amekaa kando ya uwanja, anatazama. Akaja, akaniamkia, nikamwomba asimame palepale. Alama ya zamani ya chaki ilikuwa inamfikia mdomoni. Nikamuuliza siku hizi anacheza namba gani.

“Sichezi, Mwalimu,” akasema. “Nilikuwa mfupi.”