Askari Akipanda Kizimbani

Wengi wetu tumeijua kesi ya mauaji kupitia filamu za Kimarekani: raia kumi na wawili wamekaa safu mbili, na kabla kesi haijaanza mawakili wanawahoji mmoja mmoja. Huyu anakataliwa kwa kuwa shemeji yake ni polisi, yule kwa kuwa aliwahi kulala mahabusu bila kosa. Ingia Mahakama Kuu hapa Mwanza siku askari anaposhtakiwa kuua, watu hao hutawaona. Anayeamua ni jaji, na akishaamua sheria inamtaka aandike sababu zake, ili anayekata rufani awe na kitu cha kukishika.

Raia walikuwepo, ila kwa sura nyingine. Tangu enzi za Mwingereza, kesi zilizosikilizwa Mahakama Kuu zilikuwa na wazee wa baraza, wasiopungua wawili, waliokaa na jaji, kusikiliza ushahidi na mwisho kutoa maoni yao mmoja mmoja. Jaji hakufungwa na maoni hayo. Wazee wote wangeweza kusema mshtakiwa hana hatia, naye akamtia hatiani.

Hata hivyo palikuwa na dakika moja ya kuwachuja. Kabla shahidi wa kwanza hajaitwa, mshtakiwa alisomewa majina ya wazee na kuulizwa: una pingamizi na yeyote kati ya hawa? Mahakama ya Rufani, katika rufani ya Laurent Salu na wenzake watano, ilieleza kwamba swali hilo limetokana na desturi ya mahakama, si kifungu cha sheria, lakini desturi hiyo imeshakomaa kiasi cha kuwa sehemu ya utaratibu. Sababu yake ni nyepesi kuelewa: mzee anaweza kuwa na maslahi katika kesi, na mshtakiwa ndiye mwenye nafasi ya kulijua hilo.

Tazama jambo lililokosekana hapo. Aliyeulizwa alikuwa mshtakiwa peke yake. Chukua mfano wa askari wa Nansio anayedaiwa kumpiga mvuvi hadi kufa. Mzee wa baraza ni mchuuzi wa dagaa ambaye mzigo wake hupita kila wiki mbele ya askari wa doria wa kituo kilekile. Mshtakiwa atampinga wa nini? Mwenye sababu ya kuguna ni mjane aliyekaa benchi la nyuma, na yeye hakuna anayemuuliza kitu. Wakili wa Serikali asipolijua jambo hilo, limepita.

Wazee hao walilindwa pia dhidi ya ndimi zao wenyewe. Waliruhusiwa kuuliza ili waelewe, si kumbana shahidi kama wakili wa upande wa pili, na Mahakama ya Rufani imefuta mienendo ya kesi kadhaa kwa sababu mzee alivuka mpaka huo. Na mshtakiwa alipokana maelezo yake ya onyo kwamba yalitolewa kwa kipigo, wazee walitolewa nje, jaji akasikiliza kesi ndogo ndani ya kesi. (Mshtakiwa akiwa polisi, hapo ndipo utamsikia askari akilalamika kuteswa na askari wenzake.)

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yaliwafanya wazee kuwa hiari ya jaji. Wapo waliosikitika kwamba jicho la raia limeondoka. Mimi sikusikitika sana, maana katika kesi za polisi upendeleo hauanzii kwenye viti vya mahakama. Unaanza siku ya kwanza ya upelelezi, pale anayepima umbali wa risasi na kuandika maelezo ya mashahidi anapokuwa mwenzake wa mtuhumiwa. Uendeshaji wa mashtaka umehamia kwa mawakili wa Serikali, lakini upelelezi umebaki polisi.

Kesi ya Zombe inaonyesha hilo waziwazi. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wao wa teksi waliuawa katika msitu wa Pande, Dar es Salaam. Polisi walitangaza kwamba wameua majambazi. Ilibidi Rais Kikwete aunde tume ya Jaji Kipenka ndipo ikajulikana kwamba waliokufa hawakuwa majambazi. Agosti 2009 Jaji Salum Massati aliwaachia Kamishna Msaidizi Abdallah Zombe na wenzake, na koplo aliyetajwa kufyatua risasi alikuwa ametoroka. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani mmoja tu, Christopher Bageni. Ungewaweka pale raia kumi na wawili waliochujwa kwa tochi, wangeletewa jalada lilelile.

Kanda ya Ziwa inalijua hili tangu zamani. Mwaka 1976, katika operesheni ya kuwasaka wauaji wa vikongwe Mwanza na Shinyanga, watuhumiwa waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola na baadhi yao wakafa. Januari 1977 mawaziri Ali Hassan Mwinyi na Peter Siyovelwa walijiuzulu, pamoja na wakuu wa mikoa hiyo miwili. Baadhi ya maofisa walifikishwa mahakamani na kupatikana na hatia, lakini mambo yalifika huko baada ya kwenda juu, nje ya vituo vilikotokea vifo.

Raia wa kawaida hana tume ya Rais. Alichonacho ni Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980, inayotaka kifo kilichotokea mikononi mwa polisi kichunguzwe na korona, ambaye kwa kawaida ni hakimu. Korona anaweza kuita mashahidi na kuwahoji kwa kiapo kabla mtu yeyote hajashtakiwa. Ndugu wa marehemu anayetaka njia hiyo aende mahakamani kuiomba kabla ya mazishi, mwili ukiwa bado mochwari na daktari hajaandika ripoti yake.