Ukalimani Mahakamani: Uzito wa Neno Moja Katika Nakuru

Tafsiri na ukalimani ni kazi mbili zenye asili moja. Mfasiri hushughulikia maandishi, naye ana wasaa wa kufungua kamusi na kujisahihisha. Mkalimani hufanya kazi kwa mdomo, papo kwa papo. Neno lake likishaingia katika kumbukumbu za hakimu, si rahisi kulirudisha.

Tofauti hiyo ina uzito wa pekee katika Nakuru, iliyopewa hadhi ya jiji mwaka 2021. Kuanzia mtaa wa Section 58 hadi mashamba ya Njoro na Molo, husikika Kigikuyu, Kikalenjin, Kiluo, Kikisii na Kiluhya. Lakini lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Kwa hiyo Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 humpa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya kesi haki ya mkalimani bila malipo.

Tuchukue kwanza suala la kukiri kosa. Katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, mwaka 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliagiza kwamba shtaka lielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, na jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri iwezekanavyo. Mshtakiwa anayesema, "Ni kweli nilimpiga, lakini yeye ndiye aliyeanza," huenda anajitetea. Mkalimani akifupisha kwa kusema, "Amekubali," amekwisha kuamua jambo lililo la hakimu.

Pili, kuna sarufi. Kiambishi *a-* katika "alinipiga" hakibainishi mume wala mke, na hali ni hiyo hiyo katika Kigikuyu. Kiingereza hulazimisha uchaguzi. Ikiwa washtakiwa ni mwanamume na mwanamke, mkalimani anayekisia huwa ameongeza ushahidi ambao shahidi hakuutoa.

Tatu, kuna istilahi za ujamaa. Mgikuyu hutofautisha *mũrũ wa maitũ*, mwana wa mama yangu, na *mũrũ wa baba*, mwana wa baba yangu. Kiingereza aghalabu huwaita wote kwa neno moja. Lakini kifungu cha 40 cha Sheria ya Urithi huagiza kwamba mali ya marehemu mwenye wake wengi, asiyeacha wasia, igawanywe kwanza baina ya nyumba zake, kwa idadi ya watoto wa kila nyumba. Mama akipotea katika ukalimani, nyumba nayo hupotea, na pengine shamba pia.

Hapana budi, basi, mkalimani aombe idhini ya mahakama amwulize shahidi kila palipo na utata, badala ya kukisia. Nao wanaisimu wana deni la kuandaa faharasa za istilahi za ujamaa na za sheria kwa lugha za eneo hili. Bila faharasa hizo, haki ya Ibara ya 50 itategemea bahati ya mkalimani aliyekuwapo siku ile.