Miraa imepigwa marufuku Birmingham, vidonge vya mtihani vimechukua nafasi

Wenzetu waliofika Birmingham kabla ya mwaka 2014 wanazikumbuka jioni za Small Heath na Sparkbrook, pale miraa ilipokuwa ikiuzwa waziwazi kama mchicha. Mzigo uliondoka Meru, Kenya, umefungwa majani ya mgomba, ukapanda ndege Nairobi na kukimbizwa hadi huku, kwani kathinoni, kile kiungo kinachompa mlaji stimu, hupungua nguvu siku chache tu baada ya kuchumwa. Mwaka wa 2011/12 ziliingia Uingereza zaidi ya tani 2,500.

Walaji hawakuwa wazee wa baraza peke yao. Dereva wa teksi wa zamu ya usiku alikula, na mwanafunzi aliyebanwa na mtihani naye alikula, akisema inampa macho na kumtuliza akili. Tarehe 24 Juni 2014 serikali ikaipiga marufuku na kuiweka daraja C la dawa za kulevya, ingawa mwaka mmoja kabla yake baraza la wataalamu wanaoishauri lilikuwa limependekeza isipigwe marufuku.

Miraa ikaondoka madukani, lakini haja ya kukesha na vitabu ilibaki pale pale. Vijana wetu vyuoni leo wanajua vidonge: Ritalin na jamaa zake, dawa wanazoandikiwa wenye tatizo la umakini na kutotulia, yaani ADHD. Huombwa kwa rafiki au binamu aliyeandikiwa na daktari, wiki moja kabla ya mtihani, kama mtu anavyoazima kalamu.

Hapo ndipo tunapotaka kuonya. Vidonge hivyo viko daraja B, juu ya miraa. Kukutwa navyo bila cheti cha daktari adhabu yake yaweza kufika miaka 5 jela, na kumpa mwenzako, hata bure, hadi miaka 14. Kwa asiye raia, hukumu ya namna hiyo yaweza kumharibia makaratasi ya kuishi nchini.

Na faida yenyewe iko wapi? Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, waliwapa dawa za aina hii watu 40 wasio na ADHD, wakawatazama wakitatua mafumbo magumu. Walihangaika zaidi na kutumia muda mwingi zaidi, lakini ubora wa kazi yao ulishuka.

Kwa mwenye ADHD mambo ni mengine. Dawa huongeza dopamini na noradrenalini katika ubongo, na wengi huweza kukaa na kumaliza walichoanza. Lakini hutolewa kwa vipimo: daktari hupima moyo, shinikizo la damu na uzito, na kwa mtoto urefu pia, kwa sababu dawa hukata hamu ya kula na yaweza kuchelewesha ukuaji.

Ajabu ni kwamba mzazi aliyekuwa akila miraa hadi alfajiri bila wasiwasi ndiye huyo huyo anayekataa katakata mtoto wake asiandikiwe dawa, akisema analeweshwa. Mtoto huitwa mtukutu, hupigwa, husomewa, na miaka inakwenda. Hofu ya mzazi tunaielewa, ila tungependa kuiona hofu hiyo kwa yule mkubwa anayeazima vidonge.

Foleni ya kupimwa ni ndefu, hilo hatulifichi, na mwaka 2023 dawa zenyewe ziliadimika nchi nzima. Mgonjwa wa England ana haki ya kumwomba daktari wake wa familia ampeleke kwa mtoa huduma mwingine anayelipwa na NHS, jambo ambalo wengi wetu hawalijui. Mtoto naye hahitaji kusubiri cheti cha ADHD ndipo shule imsaidie. Mzazi amwone mwalimu anayeshughulikia wenye mahitaji maalumu, na kama Kiingereza kinampiga chenga, amchukue mtu mzima wa kumtafsiria badala ya mtoto mwenyewe.