Umeona shakwe wa ajabu Malindi? Tazama mdomo kabla ya kuposti

Picha ya shakwe mwenye kichwa cheusi ikitoka pwani ya Kenya, ubishi haukawii. Mmoja atasema ni yule wa kila siku, mwingine ataapa ni mgeni kutoka Bahari ya Shamu. Utajuaje nani yuko sahihi?

Wanaochanganya watu ni wawili.

Wa kwanza tumwite shakwe kahawia (Ichthyaetus hemprichii). Huyu utamkuta kwa makundi pale Mto Sabaki unapoingia baharini, kaskazini mwa Malindi.

Wa pili ni shakwe macho-meupe (Ichthyaetus leucophthalmus). Karibu wote duniani wanaishi Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden. Kumwona Kenya ni bahati ya nadra.

Wote wana kichwa cha giza, ukosi mweupe shingoni na miguu ya manjano. Kwa mbali ni kama mapacha. Sasa sogea karibu.

Mdomo
Shakwe kahawia ana mdomo mnene, wa rangi ya manjano-kijani, wenye mstari mweusi na ncha nyekundu. Wa macho-meupe ana mdomo mwembamba, mwekundu uliokolea, ncha nyeusi.

Jicho
Hapa jina linadanganya: jicho lenyewe ni jeusi. Cheupe ni vile vipande viwili mfano wa mwezi mwandamo, kimoja juu ya jicho, kingine chini, vyote vinene. Kwa shakwe kahawia, kinachoonekana vizuri ni cha juu tu.

Rangi
Kahawia ana kichwa na mgongo wa kikahawia. Macho-meupe ana kichwa cheusi na mgongo wa kijivu. Lakini usitegemee rangi peke yake. Jua la saa saba hupausha kila kitu.

Je, akiwa mdogo?
Wadogo ndio mtihani, maana kichwa bado hakijawa cheusi. Rudi kwenye mdomo: wa kahawia ni wa kijivu wenye ncha nyeusi, wa macho-meupe ni mweusi wote.

Kwa nini ujisumbue?
Kwa sababu picha yako inaweza kuwa ushahidi. Watazamaji wa ndege hutuma walichokiona kwenye miradi kama Kenya Bird Map, na ramani hujengwa kwa taarifa hizo. Ndege mwenye makazi madogo hivi akiandikwa mahali ambapo hakuwepo, ataonekana ameenea kumbe sivyo. Akiwepo kweli na picha ikawa ya ukungu, hakuna atakayekubali.

Kwa hiyo ukimwona, usimkimbilie akaruka. Piga picha ya kichwa kutoka ubavuni, kisha nyingine akiwa amesimama na wenzake ili unene wa mdomo ulinganishwe. Andika tarehe na mahali. Alama moja haitoshi. Mdomo na jicho vikikubaliana, hapo ndipo uposti.